Abiria Asiyepanda

Lisemwalo lipo, na kama halipo linakuja. Chiriku alilala na maneno hayo, akaamka nayo, akayapigia mswaki, na bado yalikuwa pale pale kifuani kama mwiba wa samaki.

Aliyemletea habari ni mwenzake wa chumbani, msichana ambaye hosteli nzima ilimwita Redio. Alikuwa ameloweka miguu kwenye beseni, anasugua kisigino kwa jiwe, na alilisema jambo lenyewe kama mtu anayetaja bei ya sabuni.

"Wamekuwekea dau, mwenzangu."

"Akina nani?"

"Madereva wa pikipiki hapo getini. Taratibu wako amesema kabla muhula haujaisha utakuwa umekaa nyuma ya pikipiki yake, umemshika kiuno. Akishindwa, ataosha pikipiki zote za kijiwe kila Jumapili, msimu mzima wa mvua."

Chiriku akataka kucheka. Kicheko chenyewe kilikauka kabla hakijafika mdomoni.

"Nani kakwambia?"

"Mimi ni Redio. Redio haiulizwi habari imezitoa wapi."

Alimwita "Taratibu wako". Ndipo palipomchoma, kwenye hilo neno "wako". Maana Chiriku, ambaye alipewa jina hilo la ndege tangu utotoni kwa kutofunga mdomo, alikuwa hajamwambia mtu yeyote kwamba yule kijana ni wake. Hata yeye mwenyewe alikuwa hajajiambia kwa sauti. Lakini mapenzi ni kikohozi, hayafichiki.

Alipofika mjini kusomea ukunga, Chiriku aliujua mji ule kama mtu anavyoujua mgongo wake, ambao hajawahi kuuona. Basi la chuo lilipita alfajiri mara moja tu, ukilikosa umelikosa. Mabasi ya mjini yalikuwapo, lakini ilibidi ubadilishe njiani, na pale kituo cha hosteli mabasi ya kwenda na ya kurudi yalisimama upande ule ule. Wiki ya kwanza alipanda basi lenye rangi aliyoambiwa, akakaa dirishani ametulia, akajikuta kwenye geti la kiwanda cha saruji, mwisho wa barabara, na kondakta anamwuliza kama amekuja kuomba kazi. Wenzake wengine walinunua baiskeli. Wengine walipita kwa miguu njia ya reli, ambayo msichana hapiti peke yake. Waliobaki walipanda pikipiki, kwa kuwa pikipiki ziko getini, ni za haraka, na dereva anakuita "malkia".

Chiriku hakupanda. Mama yake, mshonaji, alimwapisha siku ya kuondoka, sindano ikiwa bado mdomoni. "Asiyesikia la mkuu huvunjika guu," alimwambia. "Kwa watu wengine hiyo ni methali. Kwetu ni kaka yako." Na kaka yake alikuwa amesimama pale pale mlangoni, ameegemea gongo, anamtazama.

Ndiyo maana siku ile alipolikosa basi la chuo, jua linachoma, akawaendea madereva wa getini kuuliza njia, na kijana mmoja mrefu akamgongea kiti na kusema, "Panda nikupeleke," alijibu haraka:

"Sipandi."

"Nakupeleka bure."

"Hata ukinilipa. Nimeapa."

"Umemwapia nani?"

"Mama."

Madereva wakaangua kicheko. Yule kijana naye alicheka, kisha akacheka kidogo zaidi, kisha akaacha. Akashuka, akazima injini, akashika usukani.

"Basi na mimi sipandi. Twende nikuonyeshe."

Tangu siku hiyo akawa anamsindikiza chuoni asubuhi, anamrudisha jioni, anasukuma pikipiki yake. Walitembea pikipiki ikiwa katikati yao kama shangazi mkali. Alimwonyesha kituo gani basi hujaza abiria na kuondoka, na kituo gani hukaa mpaka abiria waote mvi. Alimfundisha asimame upande wa dereva ili aone kibao. Chiriku naye alimsimulia jinsi mtoto anavyogeuka tumboni, na kijana alisikiliza mpaka akakosea njia mwenyewe.

Wenzake walimkomalia.

"We Taratibu! Mafuta yamekwisha?"

"Yapo."

"Mbona unaisukuma kama mkokoteni?"

"Naipunguza kitambi."

Na Chiriku alikuwa akicheka mpaka anashika mbavu. Sasa leo, akiwa na maneno ya Redio kifuani, kicheko kile kilimrudia chote kikiwa kichungu. Kumbe walikuwa wanamcheka nani?

Alimkuta getini kama kawaida, anapangusa kiti kwa kitambaa.

"Umechelewa leo," Taratibu alisema. Akamtazama, na kitambaa kikasimama. "Nani kakuudhi?"

"Ni kweli kuna dau?"

Mwanaume mwongo angeuliza, dau gani. Taratibu hakuuliza. Aliinamisha kichwa, akakikunja kile kitambaa vizuri kama leso ya harusi.

"Ni kweli."

"Ulisema utanipandisha?"

"Nilisema. Siku ile ya kwanza, ulipokwisha kuingia chuoni. Nilikuwa sijakujua."

"Na ulipokwisha kunijua?"

"Nikaendelea kusukuma."

"Sikuulizi ulisukuma nini! Nakuuliza kwa nini hukulifuta."

"Ningelifutaje, Chiriku? Mwenyekiti angeniuliza sababu." Huyo Mwenyekiti ni mkuu wa kijiwe, mtu wa makamo mwenye sauti ya tarumbeta. "Ningemwambia nini? Nimempenda? Wangenicheka mpaka ningehama mji."

"Kwa hiyo ukaona afadhali nichekwe mimi."

Taratibu alikikunjua kile kitambaa, akakikunja upya.

"Kila siku nilikuwa napita hapa na meno yangu yote nje," Chiriku alisema, "nawasalimia mmoja mmoja. Habari za asubuhi kaka, habari za asubuhi kaka. Kumbe nawasalimia watu wanaonihesabia siku."

"Mimi sikuwa nahesabu."

"Naomba unipishe, kaka dereva."

Alimwita kaka dereva. Baada ya miezi ile yote ya kuitana majina ya utani. Taratibu aliipokea kama kofi, akarudisha pikipiki nyuma, akampisha.

Kuanzia hapo Chiriku akawa mtu wa basi. Aliamka mapema kuwahi la chuo, akilikosa alipanda la mjini na kubadilisha sokoni, na hakupotea tena hata siku moja. Kila aliposimama upande wa dereva kusoma kibao alimkumbuka aliyemfundisha, akakasirika upya. Siku moja alikosa yote mawili akaamua kutembea. Alipofika kwenye mteremko alisikia upande wa pili wa barabara tairi linasaga kokoto polepole. Hakugeuka. Lakini kwenye kioo cha duka la viatu alimwona, anasukuma pikipiki, mwendo ule ule wake, barabara nzima ikiwa katikati yao. Chiriku akipunguza, anapunguza. Chiriku akisimama kufunga kamba ya kiatu, naye anasimama, anatazama juu kama mtu anayekagua nyaya za umeme. Alimfikisha hivyo mpaka geti la chuo, kisha akapanda, akaondoka zake.

"Msamehe basi," Redio alimwambia usiku huo.

"Si wewe uliyeniletea maneno?"

"Nilileta habari. Sikuleta hukumu."

"Akilishinda lile dau je? Nitajuaje kwamba kilichokuwa kinanisindikiza ni mtu, si dau?"

Redio alizima taa, akafunga matangazo.

Siku ya mwisho ya muhula ilikuwa siku ya mtihani wa vitendo, hospitalini, ng'ambo ya mji. Msimamizi wa wodi alikwisha kuwaambia: mlango ukifungwa umefungwa, hata ukija na waziri. Chiriku alivaa sare nyeupe iliyonyooshwa mpaka inaweza kusimama yenyewe, akatoka mapema na begi lake, akafika kituoni. Hakukuwa na basi. Alikuta watu wamejaa, wamekunja uso, na maji yanatiririka barabarani kama mto.

"Bomba kubwa limepasuka kule chini," mama mmoja alimwambia. "Barabara imefungwa. Basi la chuo limegeuzia huko huko."

Alisubiri. Alitazama barabara, akatazama simu, akatazama barabara. Kutembea, asingefika. Mwishowe miguu ikampeleka ambako moyo ulikataa: kijiweni.

"Karibu binti!" Mwenyekiti alinguruma. "Panda hapa kwangu, tunapita vichochoroni, unafika kabla daktari hajanywa chai."

Lakini Chiriku hakuwa anamtazama yeye. Alikuwa anamtazama aliyekaa pembeni juu ya pikipiki iliyozimwa, aliyesimama ghafla alipoona ile sare nyeupe. Amekonda, Chiriku alijisemea, na akajichukia kwa kuona.

Alimwendea moja kwa moja.

"Haya," alimwambia, kwa sauti ya kusikika na wote. "Umeshinda. Leo ndiyo siku ya mwisho. Nipakie."

Kijiwe kikalipuka kwa vifijo. Mmoja alipiga honi. Taratibu hakutabasamu. Alichomoa ufunguo, akautia mfukoni.

"Sikupakii."

"Nini?"

"Sikupakii, Chiriku. Mpigie mama kwanza."

"Una wazimu? Mtihani unanisubiri!"

"Ndiyo maana nasema mpigie sasa. Uliyemwapia ni yeye, si mimi. Akikufungulia kiapo, nakupeleka kama yai. Asipokufungulia, siwashi."

Kwa hasira Chiriku alibonyeza simu, akaiwasha sauti ya nje ili huyu mwehu ajisikilizie mwenyewe. Cherehani ilisikika inakimbia upande wa pili, kisha ikanyamaza.

"Mwanangu? Hukwenda mtihani?"

Chiriku alieleza mbio mbio, bomba, basi, mlango. Alipofika kwenye neno pikipiki, mama alimkata.

"Ya nani?"

"Ya... ya kijana mmoja."

"Kijana mmoja hana jina? Mpe simu."

Taratibu alijifuta kiganja kwenye suruali kabla ya kuipokea simu, kama mtu anayekwenda kushikana mikono.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Unaitwa nani?"

"Wananiita Taratibu, mama."

"Hilo ni jina au ni ahadi?"

Madereva wakacheka. Mwenyekiti akawanyooshea kidole wanyamaze.

"Ni utani wa wenzangu, mama. Naendesha polepole."

"Aliyempakia kaka yake naye alikuwa mpole. Mpole kweli kweli. Alikuja hospitali akalia kunishinda mimi mzazi. Lakini mguu wa mwanangu haukurudi."

"Nimekusikia, mama."

"Sasa unasemaje?"

"Sisemi kitu. Nilitaka ulijue kabla halijafanyika."

Cherehani ilizunguka mara moja, ikasimama.

"Hunibembelezi?"

"Hapana, mama. Ukisema hapana ni hapana. Nitamtafutia chombo kingine."

"Basi ni hapana."

"Asante, mama."

"Asante ya nini!" Chiriku alimpokonya simu, lakini ilikuwa imekwisha kukatika. Machozi yalimtoka bila ruhusa. "Unaniharibia mtihani! Mama yuko mbali. Angeonea wapi?"

"Asingeona," Taratibu alisema polepole. "Lakini ungekaa nyuma yangu unamwogopa yeye na kunishika mimi. Sitaki unishike hivyo."

Chiriku alimtazama. Akajifuta machozi kwa kiganja, sare isiguswe.

Taratibu alikuwa tayari ana simu yake sikioni. "Mama Pacha? Uko wapi? Wameshuka watoto? Njoo kijiweni mbio, nina mgonjwa. Ndiyo. Mgonjwa ni mimi."

Mama Pacha alikuwa dereva wa bajaji, mwanamke mnene mwenye kilemba cha zambarau, aliyewapeleka watoto wake pacha shule kila asubuhi kabla ya kuanza kazi. Alitokea kwenye kona akipiga honi kama msafara wa bwana harusi.

"Yuko wapi mgonjwa?"

"Mpeleke huyu hospitali, ana mtihani."

"Analia. Simbebi mtu anayelia peke yangu, atanitia mikosi. Panda na wewe umbembeleze."

Taratibu alisita. Akaitazama pikipiki yake. Akamrushia Mwenyekiti ufunguo.

"Taratibu!" Mwenyekiti aliita, bajaji ikiwa inaanza kutetemeka. "Unajua kwamba muhula unaisha leo?"

"Najua."

"Na unazijua pikipiki za hapa zilivyo na matope?"

"Nitazijua Jumapili."

Hapo ndipo kitu kilipoachia kifuani mwa Chiriku. Hakukisikia kinaondoka. Alishangaa tu kwamba anaweza kuvuta pumzi mpaka chini.

Mama Pacha alipita nyuma ya soko, akapita kati ya kamba za nguo, akamtukana jogoo mmoja aliyekataa kupisha. Nyuma, Taratibu alikuwa amejibana ukingoni, begi la Chiriku magotini, nafasi kubwa imebaki katikati.

"Mbona umekaa mbali hivyo? Utaanguka."

"Nimezoea pikipiki ikiwa katikati."

Chiriku aligeuza uso nje asionekane anavyotabasamu. Bajaji ikaruka shimo, ikawamwaga wote upande mmoja, bega kwa bega, na hakuna aliyerudi alikokuwa. Kijana alinukia sabuni na mafuta ya injini. Mikono yake mikubwa ilikuwa imelikumbatia begi kama mtoto mchanga.

"Taratibu."

"Naam."

"Bado nina hasira."

"Najua."

"Nyingi."

"Nitazisubiri. Zikiisha utaniambia."

"Na zisipoisha?"

Alimgeukia. Macho yake yalikuwa mekundu kidogo, ya mtu asiyelala vizuri. "Basi nitakusukumia pikipiki ng'ambo ya barabara mpaka uwe bibi mkunga mwenye miwani."

"Ulidhani sikukuona siku ile?"

"Nilijua umeniona. Kamba ya kiatu chako ilikuwa haijafunguka."

"Jamani, nipo hapa," Mama Pacha alisema mbele. "Nina presha mimi. Msiniue na maneno ya asali barabarani."

Walifika msimamizi wa wodi akiwa ameshika kitasa. Alimtazama Chiriku kuanzia kichwani hadi viatuni, akaona sare bado nyeupe, akakohoa, akamwachia nafasi ya kupenya.

Chiriku alipotoka, jua lilikuwa limeegemea magharibi. Alikuwa amefaulu kumgeuza yule mtoto wa plastiki bila kumvunja shingo, na mwalimu alikuwa ameitikia kwa kichwa. Taratibu alikuwa amekaa kwenye benchi la nje, hana pikipiki, na mikono yake haikujua pa kukaa. Mara mapajani, mara kwapani.

"Imekwendaje?"

"Mama mzima na mtoto mzima."

Taratibu akasimama mbele yake. Walitazamana kama watu waliokutana leo. Kisha Chiriku akauchukua ule mkono mmoja uliokuwa unahangaika, akaushika.

"Hivi," alimwambia. "Simwogopi mtu."

Kiganja cha kijana kilijifunga taratibu juu ya vidole vyake. Walikuwa wanatoka getini kuelekea kituo cha basi pale simu ilipolia kwenye mfuko wa sare. Ujumbe ulikuwa wa mama. Haukuwa na salamu. Chiriku alimsogezea Taratibu simu, wakasoma pamoja, vichwa vimegusana:

Mwanangu, nimeacha kushona nakuandikia haya. Huyo kijana sijamkubali, nimemsikia tu. Mwonyeshe na yeye.

Usipande pikipiki. Ya mtu yeyote, hata yake, hata akilia.

Usimwambie dereva usiyemjua kwamba u mgeni mjini. Sema unakwenda kwa mjomba.

Usipande bajaji wala gari lililokwisha kupakia wanaume wasiosema wanakokwenda.

Usisinzie kwenye basi. Begi liwe mapajani.

Usishuke kituo usichokijua kiza kikiwa kimeingia. Rudi na gari hilo hilo mpaka penye taa na watu.

Usipite njia ya reli peke yako, hata mchana.

Usipokee lifti kwa sababu ya mvua. Nguo hukauka.

Usikae na mwanaume ambaye ukimwambia hapana anaanza kubembeleza.

Usinifiche jambo mpaka niletewe na majirani.

Huyo Taratibu asije kwangu na pikipiki. Apande basi la asubuhi, linashusha hapa mlangoni.